Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kifike Sokoni

Wazee wetu walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu tulipokuwa wadogo, tumeitungia insha, na walimu wetu wametutuza alama kwa kuieleza vyema. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza iwapo ingali na nguvu katika zama hizi, ambapo kijana wa Ganze anaweza kutafutwa na mwajiri aliye Nairobi, Dubai au London pasipo yeyote kati yao kuinuka kitini. Je, chema bado chajiuza? Au kimebaki kibandani kimefunikwa, ilhali kibaya chatembezwa kila pembe ya dunia kwa kubonyeza kidole tu?

Swali hili linawahusu hasa walimu na wanafunzi, maana ndio wanaoambiwa kila uchao kwamba asiye na jina mtandaoni hana lake duniani. Kijana anayemaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi hushauriwa ajitangaze, ajipambe, ajipatie wafuasi. Lakini haelezwi jina la kuaminika hujengwa kwa nini, wala hatari ya lile lisiloaminika ni ipi. Kwetu sisi wa mwambao wa Kilifi na Malindi, hatari hiyo si ya kufikirika. Tumeizika kwa mikono yetu.

Tumtazame kwanza mgema. Katika vijiji vyetu, mgema hakuwa na haja ya kubandika matangazo. Alipanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akashuka na tembo lake, na wanywaji wakajua la nani ni safi na la nani limetiwa maji. Jina lake lilisimama juu ya mafiga matatu. Kwanza, kazi yake ilionjwa. Pili, waliomsifu ndio waliokunywa, kwa hivyo sifa zao zilikuwa ushahidi. Tatu, yeye mwenyewe aliishi miongoni mwao, na tembo lake likimdhuru mtu, mlango wa kubishwa ulijulikana. Hata hivyo wahenga hawakumwamini moja kwa moja. Walimwonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mtandao haukuondoa haja ya jina jema. Kilichofanywa na mtandao ni kuitenga sifa na kuonja. Leo watu elfu kumi wanaweza kulisifu tembo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitia kinywani. Sifa imekuwa bidhaa inayojitegemea: hununuliwa, huigwa, husambazwa, na hatimaye humrudia mwenyewe akaiamini. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jina la kuaminika si lile linaloonekana na wengi, bali ni lile linaloweza kuchunguzwa na yeyote.

Wapo watakaosema kwamba, maadamu mtandao una udanganyifu mwingi, ni heri kujitenga nao kabisa. Ushauri huo ni wa kumwambia mvuvi asiingie baharini kwa kuwa bahari ina mawimbi. Cheti peke yake hakitoshi tena. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kwamba uchunguzi uliofanywa katika taasisi za serikali ulikuwa umefichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Ikiwa cheti chaweza kughushiwa, mwajiri mwenye busara atatafuta ushahidi mwingine wa kazi na tabia ya mtu, na mahali pa karibu pa kuutafuta ni mtandaoni. Kijana mwaminifu asiyekuwa na alama yoyote huko humwachia nafasi laghai aliyejaza kurasa. Kwa hivyo chema chajiuza, naam, lakini sharti kifike sokoni.

Tatizo ni namna ya kukifikisha. Na hapa hatuna budi kulitaja jambo ambalo wengi wetu tungependa kulisahau.

Mwaka wa 2003 Paul Mackenzie alianzisha kanisa mjini Malindi, lililoitwa Good News International. Mahubiri yake yalivuka mipaka ya mji huo kwa njia ya televisheni na video za mtandaoni. Watu walimsikiliza wakiwa mbali, wengine katika kaunti ambazo hazipakani na yetu. Mafundisho yake yaliipinga shule na hospitali, na mara kadhaa vyombo vya dola vilimtia mbaroni. Mwaka wa 2019 alitangaza kwamba amelifunga kanisa, akahamia msitu wa Shakahola, lakini mahubiri yake yalibaki mtandaoni, yakiendelea kumtafutia wasikilizaji. Miongoni mwa waliomfuata msituni walikuwamo watu waliosoma na waliokuwa na kazi za mshahara. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi. Kabla ya mwaka huo kwisha, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa ardhini, mingi kati yake ikiwa ya watoto.

Mwezi wa Desemba 2023 mahakama ya Malindi ilimhukumu Mackenzie kifungo cha mwaka mmoja kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni. Mwaka wa 2024 yeye na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mashtaka mazito zaidi, yakiwamo ya ugaidi, ya mauaji na ya kuua bila kukusudia, nao wakayakana. Hukumu ya mashtaka hayo ni kazi ya mahakimu na majaji, si ya safu hii. Ninalotaka kulitazama ni jinsi jina lilivyoweza kuwa kubwa kiasi hicho bila kuchunguzwa.

Tuyarejee mafiga ya mgema. Kazi iliyosifiwa haikuweza kuonjwa, kwa kuwa ahadi yenyewe ilihusu ulimwengu ambao hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwake kuja kutoa habari. Waliomsifu hawakuwa mashahidi, bali wasikilizaji waliosikilizana wao kwa wao. Figa la tatu ndilo linaloumiza zaidi: gharama ya maneno hayo ilibebwa na wengine. Walioacha masomo ni watoto, na waliobaki makaburini ni waumini. Picha ilikuwa safi, sauti ilikuwa kali, wasikilizaji walikuwa wengi. Yote haya ni mapambo ya jina. Hakuna hata moja kati yake lililo ushahidi wa ukweli.

Mwalimu anayesoma makala haya na ajiulize: Je, nimewafundisha wanafunzi wangu kutofautisha mapambo na ushahidi? Maana wale watoto waliotolewa madarasani walikuwa na walimu, na viti vyao vilibaki vitupu mbele ya macho yetu.

Kwa bahati njema, Kilifi hii hii ina mfano wa jina lililojengwa kwa njia nyingine. Mwaka wa 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ikishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford, ilianza utafiti mjini Kilifi katika uwanja wa hospitali ya serikali. Tangu mwaka wa 2000 imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu katika eneo la kilomita mraba 891, lenye wakazi zaidi ya robo milioni. Mtu asidhani kwamba walipokewa kwa vigelegele. Watafiti wenyewe wameandika kuhusu uvumi uliowaandama vijijini: kwamba damu inayotolewa watoto ni nyingi mno, kwamba inauzwa, kwamba kuna siri ya giza nyuma ya magari yale meupe. Kwa mzazi aliyemwona mgeni akimtoa mwanawe damu bila kuelewa sababu, hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu.

Hofu ya namna hiyo haiponywi kwa tangazo lenye rangi. Palihitajika mambo ya kuchosha. Wenyeji walichagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti, kuuliza maswali na kurudisha majibu vijijini. Kila utafiti ulipaswa kupitishwa na kamati za maadili kabla ya kuanza. Mzazi alielezwa kwa lugha anayoielewa, akapewa nafasi ya kukubali au kukataa. Wanasayansi walikwenda katika shule za sekondari kuzungumza na wanafunzi ana kwa ana. Na matokeo, yawe ya kufurahisha au ya kuvunja moyo, yalichapishwa ili wataalamu wengine wayapekue na kuyakosoa. Kilifi ikawa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mwezi wa Oktoba 2021, na pia ile ya R21 iliyopendekezwa mwezi wa Oktoba 2023.

Je, uvumi ulikwisha? La. Mwaka wa 2020, habari za majaribio ya chanjo ya Korona zilipoenea nchini, maneno yalizagaa upya mitandaoni. Tofauti ni kwamba aliyetaka kuuliza alikuwa na mahali pa kuuliza na mtu wa kumjibu. Huo ndio utajiri wa jina lililojengwa polepole. Haliwanyamazishi wenye shaka, bali huwafungulia mlango waingie wakague.

Kuhusu lile figa la tatu, la kubeba gharama ya maneno yako, hatuna mfano mkubwa kuliko Mekatilili wa Menza. Mwaka wa 1913 mama huyu wa Kigiriama aliwaita watu wakatae kazi za kulazimishwa na kodi za serikali ya kikoloni. Hakuwa na gazeti wala redio. Chombo chake kilikuwa ngoma ya kifudu, ambayo ilikusanya watu kutoka kijiji hadi kijiji, na kiapo kilicholiwa katika Kaya Fungo. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa na wafuasi wengi. Lakini hakuwatuma wengine watangulie shimoni. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakahamishwa hadi magharibi ya nchi, na yasimuliwa kwamba mwaka uliofuata walitoroka wakarudi kwao kwa miguu. Jina lenyewe analokumbukwa kwalo hakujitungia: maana yake ni mama wa Katilili. Alipewa na watu, kama ambavyo majina yote ya kuaminika hutolewa na watu. Sanamu yake i mjini Malindi, na hakuna aliyeihesabia wafuasi.

Basi kijana afanye nini? Nisieleweke kwamba namtaka awe Mekatilili, au asubiri zaidi ya miaka thelathini kama wale watafiti. Yapo mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi mwenye simu ya kawaida.

La kwanza ni kutanguliza kazi, kisha jina lifuate. Chukua mfano wa mwanafunzi wa elimu ya mazingira. Mlangoni pake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, na kaskazini zaidi kuna pori la Dakatcha, makao ya ndege aitwaye mnana wa Clarke, asiyepatikana popote duniani ila katika kaunti hii. Mwanafunzi huyo akiandika mtandaoni kwamba yeye ni mpenzi na mtetezi wa mazingira, hajasema lolote. Maelfu wamesema hivyo. Lakini akienda msituni kila juma, akaandika ndege aliowaona, tarehe, saa na mahali, akaweka picha katika mradi wa ramani ya ndege wa Kenya au katika tovuti ya iNaturalist, ambako wajuzi wengine huthibitisha au husahihisha jina la kiumbe aliyepigwa picha, atakuwa amejenga kitu kingine kabisa. Baada ya miaka miwili atakuwa na mamia ya kumbukumbu zenye tarehe, zilizokaguliwa na watu wasiomjua na wasio na sababu ya kumpendelea. Mtafiti wa ng'ambo atakapotaka mtu anayeijua Dakatcha, hatahitaji kuambiwa kuwa kijana huyu anaaminika. Ataona.

Mwanafunzi wa historia naye ana magofu ya Gede na misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Akiyarekodi masimulizi ya wazee kwa idhini yao, akataja nani alisema nini na lini, na pale wazee wawili wanapopingana akaeleza kwamba wanapingana, atakuwa amejenga jina la mwanahistoria hata kabla ya kuvaa joho. Wa Kiswahili anaweza kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, ambako mwandishi hutakiwa kutaja vyanzo na kila badiliko huacha alama inayoonekana na wote.

La pili ni kusahihisha kosa pale pale lilipotendeka. Wengi hufuta kimyakimya, wakidhani kwamba kufuta ni kusafisha. Lakini picha ya maneno hayo yamkini imekwisha kuhifadhiwa na mwingine. Anayeandika waziwazi kwamba jana alisema hivi, leo amegundua si kweli, na huu ndio usahihi wake, hapunguziwi heshima. Humpa msomaji sababu ya kuyaamini mengine aliyoyasema.

La tatu ni kukataa kununua sifa. Wapo wanaouza wafuasi kama wanavyouza maembe. Debe tupu haliachi kuvuma, na mwenye masikio ya kusikia huutambua mvumo huo upesi: wafuasi elfu ishirini, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali la maana. Wasomi wa vyuo vikuu nao wana debe lao. Ni yale majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi ametoa pesa. Orodha ndefu ya makala ambayo hakuna aliyeyahakiki ni tembo lililojaa maji.

Kwa walimu nina neno la pekee. Siku hizi mwalimu naye hutafuta jina mtandaoni, na si vibaya, kwani mwalimu hodari wa hesabu wa Magarini anastahili kusikika hadi Moyale. Lakini asilijenge jina hilo kwa nyuso za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha ya mtoto ni habari zake. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata pasingekuwa na sheria, mtoto anayepigwa picha akipewa sare ya msaada, akiwa miguu mitupu, atakua. Siku moja naye atatafuta kazi na kulitafuta jina lake, na atakalolikuta ni umaskini wake ukiwa umetangazwa ili mwalimu wake asifiwe. Anayelijenga jina lake kwa aibu ya mtoto hajalijenga.

Isitoshe, mwalimu anaweza kuigeuza ile insha ya methali kuwa zoezi lenye manufaa. Badala ya kumtaka mwanafunzi aeleze tu maana ya chema chajiuza, amwambie achukue tangazo moja alilolipokea kwa simu: la kazi ya Ughaibuni, la dawa iponyayo maradhi yote, la nabii mpya. Kisha ajibu maswali matatu. Nani ameionja kazi ya huyu? Anayemsifu aliona mwenyewe au alisikia? Maneno haya yakiwa ya uongo, nani atalipa? Kwa tangazo la kazi ya Uarabuni, kwa mfano, mwanafunzi atajifunza kwamba wakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kwamba usajili huo unaweza kuangaliwa kabla ya familia kuuza mbuzi. Zoezi hilo la dakika 40 laweza kumwokoa dada yake.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba njia hii ni ndefu, na kwamba wakati mwaminifu anaihesabu minana yake msituni, mwenye kelele amekwisha kupata kazi, zawadi na safari. Ni kweli kwamba mara nyingi huwa hivyo. Sitawadanganya vijana kwa kuwaahidi kwamba uaminifu hulipwa mwisho wa mwezi. Litasemwa pia kwamba mwanafunzi wa Bamba hana pesa za intaneti sawa na wa Nairobi, na hilo nalo ni kweli, na ni wajibu wa kaunti na shule kuzifungua maktaba na vyumba vya kompyuta badala ya kuvifunga kwa kufuli baada ya saa za masomo. Lakini kelele ina kasoro moja isiyo na dawa: lazima iendelee kila siku, na kila siku iwe kubwa zaidi kuliko jana. Kazi iliyokaguliwa husimama hata mwenyewe akiwa amelala.

Na kuna sababu iliyo kubwa kuliko ajira. Kila mwenye jina la kweli anayejificha huacha nafasi wazi sokoni, na nafasi haikai wazi. Laiti sauti za walimu, wauguzi na wazee wenye hekima wa Malindi zingalisikika kwa wingi na kwa uwazi katika zile video ambazo watu walizitazama usiku majumbani mwao, huenda baadhi yao wangalipata la kulinganisha. Hatuwezi kujua. Tunachojua ni kwamba waliotafuta neno la matumaini walikuta sauti moja yenye nguvu, na wengine wetu tulikuwa tumenyamaza, tukiamini kwamba chema kitajiuza chenyewe.

Chema hakijiuzi kikiwa gizani. Kitoeni, walimu na wanafunzi, mkiweke palipo na mwanga, kisha msimame kando yake kama mgema asimamavyo kando ya tembo lake, na mumwambie kila apitaye: onja kwanza, usifu baadaye.